Bangili ya Vipande Vitatu

Kwa miaka thelathini Koki amezibua mabomba ya watu, na mabomba hayajampa kitu ila nywele, uchafu wa sabuni na harufu ambayo mkewe alishachoka kuilalamikia. Jumatatu moja, chini ya sinki la jengo lililokuwa likingoja kubomolewa, bomba lilimtemea bangili ya dhahabu. Nusura adondoshe spana.

Kilichomjia akilini ni macho ya mkewe. Jicho moja lilishakwenda. La pili, daktari alisema, likipasuliwa Ijumaa litapona, likicheleweshwa ndiyo basi tena. Na hospitali hawapasui kwa mkopo.

Akaipeleka kwa sonara, naye akaipima, akaisugua, kisha akairudisha taratibu.

"Nitakupa bei ya haki, fundi. Ila kaandikishe kituoni kwamba umeiokota. Mwenyewe asipojitokeza kwa miezi mitatu, wanakupa barua, unaniletea."

"Miezi mitatu! Mimi nina siku nne, bwana."

"Sikatai. Lakini bila barua siigusi."

Pale mlangoni alisimama mnunuzi wa vyuma chakavu, masikio yamemsimama. Akamnong'oneza Koki kwamba kinachoulizwa karatasi ni kitu kizima. Vipande vinapita tu, nani ana muda navyo? Angekuwa mtu mwingine angejiuliza mara mbili. Koki wetu, bomba likimshinda hulikata. Akaenda kwenye kibanda chake cha kazi, akaibana bangili kwenye jiliwa, akaikata kwa msumeno wa chuma mara tatu, na akajipongeza kwa kazi safi.

Kesho yake mnunuzi alivitazama vipande akacheka.

"Mzee, hizi alama za msumeno kila mtu anazijua. Huu sasa ni mzigo wa wizi. Nakupa bei ya shaba, maana jela nitakwenda mimi."

Bei ya shaba isingelipa hata kitanda cha hospitali. Koki akakimbilia kwa sonara, jasho linamtiririka.

"Jana ulikuwa umeokota," sonara alimwambia bila kuinua macho toka mezani. "Leo nitaamini vipi? Na kituoni usithubutu kwenda navyo, watakuweka ndani."

Mjinga, ndiyo. Lakini mimi namwonea huruma, maana haraka yake haikuwa ya tamaa.

Alimkuta mkewe kitandani, anakunja khanga za kwenda nazo hospitali. Akamwekea vipande kiganjani, akamweleza yote isipokuwa lile moja, kwamba bangili ndiyo iliyokuwa pesa ya upasuaji. Mkewe akavipapasa, akavipanga juu ya goti mpaka vikawa duara.

"Mkono mdogo huu," akasema. "Ilikuwa ya msichana. Ungeniletea nikaiona kwanza, baba."

Koki akainamisha kichwa akalia, na mkewe akamtuliza kwa kumpapasa mgongo, akidhani analilia bangili.

"Wacha, ni kitu cha kuokota tu. Ijumaa tunatoka saa ngapi?"

"Mapema," akasema Koki. "Alfajiri."