Kikohozi changu kilivyomvalisha Neema viatu

Khm!

Wakuu, kikohozi hicho nilikisikia Jumatatu asubuhi nikiwa jikoni. Kilitoka chumbani. Na kwa nyumba yetu hapa mtaani Munyaka, anayekohoa hivyo ni mimi peke yangu.

Habarini. Mimi huandika riwaya, kwa hivyo uongo ni kazi yangu, lakini hii sijaitia chumvi.

Neema, mtoto wa dadangu, ana miaka saba na ana autism, yaani usonji. Shule ilikubali kumchukua kwa sharti moja: avae viatu mwenyewe. Tukapewa wiki tatu.

Therapist wake akatufundisha prompts, yaani vidokezo. Kwanza unamshika mikono mnavaa pamoja. Halafu unamgusa kiwiko tu. Halafu unaonyesha kwa kidole. Mwisho unanyamaza, mikono mfukoni.

"Kidokezo ni kama plasta," alisema. "Kikikaa sana, kukitoa ni kilio."

Kazi ikawa yangu, maana dadangu hufungua duka mtaa wa Langas mapema.

Sasa, sisi ni watu wa mkoa wa Magharibi. Kwetu mwanamume haingii chumba bila kukohoa. Ndiyo hodi yetu. Kila asubuhi nilikohoa mlangoni, nikaingia, tukaanza. Kiwiko nikaacha. Kidole nikaacha. Nikajiona profesa.

Ijumaa ya mwisho therapist akaja kutazama. Tulikuwa tumeshaketi wote, hata dadangu aliyechelewesha duka, viatu sakafuni. Neema akavitazama. Akanitazama koo. Dakika tano, mvua ikinong'ona na mabati.

"Mjomba, huwa unafanya nini kabla hajaanza?" therapist akauliza.

"Sifanyi kitu!"

Aibu ikanikaba, nikakohoa. Neema akavaa viatu mbio!

Dadangu alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe wewe ndio switch! Sasa utaenda darasani ukamkoholee?"

Wikendi yote nilipigwa marufuku kukohoa. Niliingia kwake kimya kama mwizi wa kuku. Hakugusa kiatu. Jumapili sikulala vizuri.

Ndipo Jumatatu, kile kikohozi. Nikachungulia. Neema alikuwa peke yake, kidevu juu kama mzee wa ukoo. Khm! Kiatu cha kushoto. Khm! Cha kulia.

Nilichojifunza: mtoto hushika hata somo ambalo hukujua unalifundisha. Nanyi mmewahi kufundisha kitu bila kukusudia? Nicheke nanyi hapo chini.

Dadangu alikuwa akimngoja getini ampeleke shule kabla ya kufungua duka. Nikanyoosha mkono nimbebee begi. Neema akalivuta, akanikoholea usoni, akatoka, akanifungia mlango.