Mnyaa wa Mama

Tulipohamishwa kutoka Rondo kuletwa kijiji cha ujamaa karibu na Mtama, mama alikata tawi la mnyaa, ule mti usio na majani tuliozungushia ua wetu, akalifunga pamoja na mikeka. Tulipofika, akakataa kulipanda.

“Ua ni wa mtu anayekaa,” alisema. “Sisi tunarudi.”

Akalitupa nyuma ya choo. Kiangazi kizima lililala pale bila tone la maji, likasinyaa kama kidole cha bibi kizee. Siku moja nikaona limechipua. Nikamwita mama, nimefurahi. Alilitazama, machozi yakamlengalenga.

“Huna haya!” akaliambia. “Na wewe umeshakubali?”

Leo mnyaa huo umepita paa, nami naishi nao peke yangu. Swali la mama sijalijibu hata mimi.