Pete ya Ndoa Ilivyomng'oa Fundi Cherehani Kidole Uwanjani

Saa moja asubuhi ya Jumapili, wanaume wazima wenye vitambi wamepanga foleni kando ya uwanja kama watoto wanaosubiri chanjo. Mbele yao amesimama fundi cherehani, glavu katika mkono wa kushoto, na mfuko mdogo wa kitambaa alioushona mwenyewe. Kila anayefika anavua pete, anaitumbukiza mfukoni, ndipo anaingia kucheza.

“Fundi, yangu haitoki. Nimenenepa.”

“Sabuni ile pale kwenye ndoo.”

“Na sabuni ikishindwa?”

“Utakaa nje utushangilie. Sauti unayo.”

Wanacheka. Mwaka jana wangemcheka yeye.

Timu hii haina kombe wala kocha. Mpira wao ni wa kutoa jasho la wiki. Fundi alikuwa golikipa, na kufunga wavu golini kabla ya mchezo ilikuwa kazi yake. Ngazi ilikuwepo, imelazwa nyuma ya choo, lakini nani aifuate? Alikuwa akiruka tu, anatundika wavu kwenye ndoano za mtambaa panya, anashuka. Miaka nenda, miaka rudi.

Asubuhi moja mwaka jana, mwamuzi wao, ambaye siku za kazi ni kinyozi, alimwambia avue pete kwanza.

“Nikivua, leo nilale kwako?” fundi alimjibu. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Akaruka. Wavu ukanasa kwenye ndoano. Pete nayo ikanasa.

“Mimi nilishuka,” anasema, akitazama chini. “Kidole hakikushuka.”

Hakusikia maumivu. Alichoona ni nyuso za wenzake. Beki wanayemwita Ukuta, mtu wa miraba minne, alianguka chini kama gunia. Kinyozi ndiye aliyeikimbilia ngazi, akapanda, akakiteremsha kidole kikiwa bado na pete yake. Hospitali walijaribu kukiunga, wakashindwa.

“Nimenyoa vichwa vya kila namna, damu nimeiona,” anasema kinyozi. “Lakini ile, ndugu yangu, achana nayo. Pete! Kitu kidogo vile!”

Mke wa fundi, muuza mboga, siku hizi huja naye uwanjani. Anazungumza huku akizungushazungusha pete yake mwenyewe.

“Ni mimi niliyemwambia pete haivuliwi, hata akienda kuoga. Nilikuwa naogopa wanawake. Sikujua cha kuogopa ni ndoano.”

Mkono wa kushoto ndio unaoongoza kitambaa chini ya sindano. Kabla ya ajali, fundi alishona mashati manne kwa siku. Sasa moja likimalizika ni heri. Wateja wa makoti wamehama kimyakimya.

“Hawanitukani,” anasema. “Wananipa pole, halafu wanapita kwa jirani.”

Uwanjani, fundi wa kuchomelea amezikata ndoano zote. Nyavu hufungwa kwa kamba, mtu akiwa juu ya ngazi na mwenzake ameishika. Hata cheni za shingoni zimepigwa marufuku, na hakuna aliyenung'unika.

Leo lakini kuna mgeni, dereva wa lori, naye amegoma kuvua pete.

“Jamani, sisi tunacheza kujifurahisha. Hili si Kombe la Dunia.”

Fundi habishani. Anavua glavu.

Dereva anautazama mkono ule, mdomo wazi. Anageuka, anakwenda kwenye ndoo, anaanza kusugua kidole chake kwa sabuni kana kwamba kinaungua.

“Sipendi kuuonyesha,” fundi anasema baadaye, akivaa tena glavu. “Ila maneno yangu wanayazoea. Huu hawauzoei.”

Langoni hajarudi, wala hazungumzii kurudi. Anachokitaka ni makoti, kwa sababu shati, anasema, hata mwanafunzi atashona. Mezani kwake kuna koti la kijivu alilolikata mwezi uliopita. Mkono mmoja wa koti umekubali; wa pili unakunjamana begani, na ameshaufumua mara mbili.

“Kesho naufumua tena. Ukikaa, nalivaa mwenyewe nakuja nalo hapa. Wateja wangu nusu wako humu uwanjani, walione.”

“Na jua hili?” mkewe anamtania. “Si utachemka, baba watoto?”

“Nichemke tu,” anasema fundi. “Mradi walione.”