Imeenda, Haijafika

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa redio ya mkononi, kofia ngumu iliyonizidi kichwa, na amri moja: nisimame chini ya mnara wa Kinondoni na nisiguse kitu nisichotumwa. Mkuu wa Ufundi alikuwa juu, amejifunga mkanda, anageuza antena kidogo kidogo kuelekea Temeke. Mimi chini nilikuwa na kompyuta juu ya kreti la soda, na kila alipogeuza nilitakiwa kutuma data ya majaribio. Nikabonyeza, kioo kikaonyesha imetoka, nikapaza sauti kwenye redio kwa furaha, "Imeenda!"

"Nauliza, imefika?" akajibu.

"Imeenda, mkuu."

"Salha, nikirusha jiwe baharini nalo limeenda. Kwenye kazi hii kuna kwenda na kuna kufika. Mpaka Temeke wakujibu, wewe hujatuma kitu."

Mafundi wenzangu walicheka, nami nikanuna. Nilikuwa na mdomo siku zile. Nilikuwa nimetoka nyuma ya kaunta ya duka la vitambaa la familia yetu, Temeke, ambako babu aliyekuja kutoka Uarabuni aliuza vitambaa, baba akauza vitambaa, na ilieleweka kwamba mimi nami nitapima vitambaa mpaka nizeeke. Baba alipomwona bintiye na ushungi chini ya kofia ya fundi, alisema neno moja tu, "Haya." Hakunisemesha wiki nzima baada ya hapo.

Nyinyi mnaofunga mitandao leo mnabandika kisanduku ukutani mnaondoka. Sisi tulikuwa watu wa paa na minara. Intaneti isiyo na waya ilisafiri kwa mawimbi ya redio kutoka antena moja hadi nyingine, na ilikuwa lazima antena hizo zionane, yaani pasiwe na ghorofa, kilima wala mti katikati. Neno letu kubwa lilikuwa hilo, kuonana. Fundi akirudi ofisini haulizwi amefunga au hajafunga, anaulizwa, "Zinaonana?" Nimepoteza wateja wa Kinondoni kwa sababu ya jirani aliyepandisha tangi la maji. Nimewahi kumwomba mzee mmoja wa Temeke akate tawi moja la mnazi wake, akaniuliza kama intaneti hiyo inakunwa na kutiwa kwenye wali.

Baada ya Kinondoni nilihamishiwa Temeke, na baada ya Temeke nikapelekwa kwenye mradi wa Kigamboni. Huko ndiko nilikokutana na kompyuta za kiganjani, na huko ndiko kulikonivunja.

Wengi wenu hamjaziona. Zilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, na uliziandikia kwa kalamu ya plastiki isiyo na wino. Hazikuwa simu. Ili zipate mtandao, ulichomeka kadi ya mawimbi kwa juu, ikabaki imejitokeza kama meno ya mbele, na kadi hiyo ilikula chaji vibaya sana. Chaji ikiisha kabisa, kila ulichoandika kilifutika. Lakini kwa wakati ule, mtu kusimama uwanjani na kutuma barua bila waya wowote ilikuwa jambo la kushangaza, na mimi nilizipenda. Nililala na moja chini ya mto.

Mradi ulikuwa wa zahanati. Wauguzi wa vijijini wangeandika taarifa za wagonjwa kwenye kompyuta hizo, na mgonjwa akizidiwa wangetuma ombi la gari. Simu za mkononi zilikuwa hazijashika huko. Antena iliyokuwa juu ya paa la zahanati ilionana na kituo cha kurushia kwenye kilima, kilichotumia umeme wa jua, nacho kikaonana na kituo cha gari la wagonjwa. Pale palikuwa na kompyuta mezani na dereva, Mzee Mrisho, ambaye kazi yake ilikuwa kusubiri kijipicha cha bahasha, yaani barua mpya, kitokee kwenye kioo. Kabla ya hapo, muuguzi alimtuma mtu kwa baiskeli.

Programu ilikuwa ya Kiingereza, hivyo niliagizwa niandike karatasi ya maelekezo kwa Kiswahili. Niliandika mistari miwili. Bahasha ikiondoka kwenye kioo: imeenda. Alama ndogo ikitokea pembeni: imefika. Nikaipeleka kwa Meneja Miradi, mtu nadhifu, mwenye haraka, asiyekaa kwenye kiti chake zaidi ya dakika tano.

"Hii alama ya pili inachelewa," alisema. "Wauguzi watakaa wanaitolea macho, halafu watasema mashine mbovu. Wafadhili wanakuja wiki ijayo. Usiwachanganye watu, Salha. Weka neno moja."

"Lakini meneja, kwenda siyo kufika."

"Mtandao wako si unafanya kazi? Ikienda itafika. Ishu iko wapi?"

Ningeweza kubisha. Nilikuwa maarufu kwa kubisha. Lakini alikuwa amenigusa pale penye kiburi, mtandao wako, na nikaufuta mstari wa pili kwa mkono wangu mwenyewe.

Zahanati ya mwisho niliyofundisha ilikuwa upande wa Kimbiji. Muuguzi wake aliitwa Elineema, Sista Elineema, mwanamke wa Upareni aliyenizidi miaka kama kumi, mrefu, mtaratibu, anayerudia kila jambo mara mbili kabla ya kulikubali. Alichaji kompyuta yake kwenye sola ya friji ya chanjo na akaishonea kimfuko cha kitenge. Aliisoma karatasi yangu, akanitazama.

"Salha mdogo wangu, mie Kiswahili changu cha shule, nyie ndo wenye lugha. Imeenda ndo imefika?"

Jua lilikuwa kali, na barabara ya kurudi ilikuwa mbaya. Nikamwambia, "Ndiyo Sista, ni kitu kimoja."

Masika yale wingu lilikaa siku nyingi. Betri za kituo cha kilimani ziliishiwa umeme asubuhi moja, kituo kikazimika. Sikujua. Ofisini tulidhani kimya kile ni kimya cha kawaida.

Asubuhi hiyohiyo mama mmoja kijana, Mwanahawa, alijifungua mtoto wa kike pale zahanati, na damu ikakataa kukatika. Sista Elineema alifanya yote aliyoweza kufanya muuguzi mmoja, kisha akachukua kompyuta, akaandika ombi la gari, akabonyeza. Bahasha ikaondoka kwenye kioo.

Nje palikuwa na pikapu iliyopakia mihogo kupeleka mjini. Mwenye pikapu alishuka akasema, "Sista, tupakue mihogo tumchukue?" Sista akafikiri, kama mtu mwenye akili timamu angefikiri. Barabara ya mashimo, mama anavuja damu, nyuma ya pikapu, mvua. Na gari lenye kitanda na dripu liko njiani.

"Nenda tu braza," akamwambia. "Gari linakuja. Imeshaenda."

Pikapu ikaondoka. Wakasubiri. Mwanahawa alifariki mchana, amemshika Sista mkono, mama yake mzazi amekaa kwenye benchi la nje anaangalia barabara.

Siku mbili baadaye jua lilitoka. Nilikuwa kwenye kituo cha gari, nimekuja kukagua mitambo, Mzee Mrisho ananitania kwamba mashine yangu imelala kuliko yeye. Betri za kilimani zilikuwa zimepata nguvu, barua zilizokwama zahanati zikaanza kupita, na bahasha ikatokea mbele ya macho yangu. Niliifungua. *Naomba gari haraka. Mama amejifungua anavuja damu nyingi. Namsubirisha.*

Mzee Mrisho aliisomea begani kwangu, akaruka, ufunguo mkononi. "Twende, binti! Twende!" Alikuwa ameshawasha gari nilipoiona saa na siku iliyoandikwa juu ya barua. Nilitoka nje kumwambia azime. Nilitikisa kichwa tu, na yule mzee akaweka paji la uso kwenye usukani.

Uliitishwa uchunguzi. Tulikaa chumba kimoja, Sista Elineema upande wa pili wa meza, kimfuko cha kitenge mapajani. Mwenyekiti wa kikao alimuuliza kwa nini aliruhusu pikapu iondoke.

"Niliambiwa ikienda imefika," alisema.

Meneja Miradi akainua karatasi yangu. "Hapa imeandikwa imeenda. Hakuna mahali palipoandikwa imefika. Kila anayejua Kiswahili anajua tofauti."

Mwenyekiti akanigeukia. "Bi Salha, wewe ndiye uliyemfundisha. Ulimwambia ni kitu kimoja?"

Nimekuwa mtu wa maneno maisha yangu yote. Siku ile nilikuwa na neno moja la kusema, ndiyo, na Sista alikuwa ananitazama bila hasira, kwa subira ileile ya siku ya mafunzo. Nikasema, "Karatasi inasema imeenda."

Haukuwa uongo. Ndiyo maana nimeshindwa kujisamehe. Uongo ningeutubu.

Sista Elineema alipewa onyo kali na kuhamishwa mbali, bara huko. Mradi ukafa mwaka uleule, na kompyuta za kiganjani zikarudishwa kwenye maboksi. Mimi nilipandishwa cheo. Nikawa msimamizi wa mafundi, kisha nikakalia kiti kilekile cha Mkuu wa Ufundi aliyenifundisha. Kabla ya kustaafu aliniita akasema, "Wewe ndiye pekee uliyenielewa siku ya kwanza." Nilikwenda chooni nikalia. Vijana wangu walinisengenya kwamba ni mkali mno, nami nilijua. Hakuna fundi aliyenambia imeenda akabaki salama. Walidhani nina nidhamu ya kazi, kumbe nilikuwa nalikimbia neno.

Sasa nimestaafu, naishi Madale, na baba yangu, Mungu amrehemu, angefurahi kuniona napima vitambaa vya pazia. Mwaka jana nilikuwa namtumia shangazi yangu salamu kwa simu, nikaweka simu mezani, nikasema imeshakwenda. Mjukuu wangu wa darasa la tatu akachungulia.

"Bibi, hiyo tiki moja. Imeenda, haijafika. Mpaka ziwe mbili."

Mtoto wa darasa la tatu. Kitu nilichokifutia mstari ili nisiwachanganye watu wazima, leo kila mtoto anakijua. Nilikaa chini, na mjukuu akadhani ninaumwa.

Nilimtafuta Sista Elineema kupitia muuguzi mmoja wa Temeke, nikapata namba. Niliandika yote. Kwamba yeye aliuliza na mimi nikajibu. Kwamba mstari wa pili ulikuwepo na niliufuta. Kwamba kwenye kikao nilimwacha peke yake. Nikatuma. Tiki moja. Ikakaa hivyo siku tisa, na siku ya kumi nikavaa baibui nikavuka daraja la Kigamboni kumfuata.

Kwa maelezo ya muuguzi yule, alikuwa amerudi Kimbiji baada ya kustaafu. Nilimkuta anapalilia, amepinda mgongo, lakini mrefu vilevile.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba. Salha!" Alinijua kabla sijavua miwani. Nikamwambia nilimtumia ujumbe kwa simu na haujafika. "Simu? Ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, mwanangu hajaniletea nyingine. Uliandika nini?"

Nikamsomea, nimesimama kwenye matuta ya viazi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akajifuta mikono.

"Nilijua," alisema. "Siku ile ya kikao nilikungojaga useme. Baadaye nikaacha kungoja. Kwangu imefika, Salha, tena kitambo. Ila msamaha huo si wa kuniomba mie peke yangu. Mama yake Mwanahawa yu hai. Nyumba ile yenye mlango wa kijani. Hajawahi kuambiwa kwa nini gari halikuja."

"Wewe hukumwambia?"

"Ningesemaje? Mie mwenyewe niliambiwa ni kosa langu."

Hakunisindikiza. Nilikwenda peke yangu.

Bi Hadija alikuwa mkekani barazani, macho yamefifia, anachambua mchele kwa vidole. Alinikaribisha bila kujua mimi ni nani, akanisogezea maji. Nikamweleza pole pole, kwa maneno ya kawaida, hakuna antena wala mawimbi. Kwamba barua ya kuita gari haikufika siku ile. Kwamba Sista hakujua, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia kitu ambacho hakikuwa kweli.

Vidole vyake vilisimama kwenye mchele. 

"Kwa hiyo gari halikuitwa?"

"Liliitwa, mama. Wito haukufika."

"Dereva hakukataa kuja?"

"Hakuambiwa."

Akageuza uso kwenye barabara, ile aliyoiangalia siku ile akiwa kwenye benchi.

"Mimi miaka yote hii," alisema, "kila nikiswali, namwapiza yule dereva."

Nikamwona tena akilini Mzee Mrisho na paji lake la uso kwenye usukani. Alikwisha kufariki, na nilikwenda mazikoni kwake.