Fundi Wembe na Utando wa Figo

Siku hadubini kuukuu ya elektroni ilipong'olewa, mkuu wa maabara alimpigia simu mama aliyemfundisha kazi. "Mama, njoo uiage kabla haijapakiwa."

Alikuja mbio, yeye aliyekuwa amestaafu kwa miaka sita. Zamani walimwita Fundi Wembe. Alikuwa akikata vipande vya figo vilivyogandishwa ndani ya plastiki ngumu, kila kimoja chembamba mara elfu kuliko unywele. Vilielea majini huku yeye kabana pumzi. Vikimetameta rangi ya fedha, alitabasamu. Vikiwa zambarau, ni vinene, anaanza upya.

Mwenzake alikuwa mpiga picha wa chumba cha giza. Alitoka na picha mbichi zinazochuruzika maji, akitamba, "Dada, figo hii imetoka vizuri kuliko picha za harusi yangu!" Kisha walipima pichani kwa rula unene wa utando unaochuja damu, na kugawanya kwa ukuzaji wa mashine, yaani mara ngapi imekuza picha.

Mara moja ililetwa figo ya mwalimu kijana aliyekuwa akikojoa damu. Rula ilisema utando una unene wa kawaida. Fundi Wembe hakuridhika. Umeme ulikuwa umekatika asubuhi, na tangu urudi mashine ilikuwa na kigeugeu.

"Kaka, tupige picha kwanza ile sahani ya mistari tunayojua upana wake."

"Daktari atatumeza wazima tukichelewa!"

"Atumeze tukiwa na jibu."

Walipiga. Kumbe mashine ilikuwa ikidanganya, ikikuza kuliko ilivyoonyesha: utando ulikuwa mwembamba mno.

Daktari alifoka, "Mama, majibu niliyataka jana!"

"Jana hayakuwa majibu, daktari."

Ikabainika ni hali ya kurithi, isiyohitaji dawa kali ambazo daktari alikwisha kuziandika. Mwalimu aliambiwa apimwe kila mwaka, basi. Jioni daktari alirudi, akasimama mlangoni, akasema asante kwa sauti ndogo.

Sasa mpiga picha hakuwepo tena duniani, na chumba chake kilijaa maboksi. Fundi Wembe aliupapasa mwili baridi wa ile mashine.

Mmoja wa wapagazi waliokuja kuipakia akauliza, "Bibi, hili dude lilikuwa la nini?"

Alivuta kiti. "Kaeni kidogo, wanangu. Palikuwa na kaka yangu mmoja hapa, mcheshi huyo..."

Wapagazi wakaweka kamba chini.