Nilimwita Binti Yangu Yetunde, na Mama Yangu Alikuwa Hai

Sikudanganywa na mtu, wala sikukosa kwa kutojua kusoma. Nilikosa kwa sababu nilisoma nusu ya jambo nikajiona nimelimaliza, na aliyeumia kwa ile nusu niliyoiacha ni mama yangu mzazi.

Mimi ni mwalimu, mkazi wa Mugutha. Kwa miaka mingi nimewakemea wengine hadharani juu ya kuwaheshimu wazazi. Nasema hili mapema ili mnaonifahamu mjue ni mimi.

Kwetu sisi Wagikuyu, mpangilio wa majina haujadiliwi. Binti wa kwanza huitwa jina la mama wa mume, wa pili jina la mama wa mke, tena wakiwa hai na wanaona. Mwanamke akisikia mke wa mwanawe ana mimba, huanza kungoja kujiona akizaliwa. Mama yangu aliitwa Nyokabi. Aliishi Landless, Thika, akiuza mboga, na mimi ndimi niliyekuwa mtoto wake wa pekee. Hapakuwa na mtu mwingine wa kumpa jina lake mjukuu.

Lakini mimi nilikuwa na daftari. Nilikuwa nimenunua kitabu cha majina ya mataifa kwenye meza ya vitabu vikuukuu mjini Thika, nikanakili yaliyonivutia: Selam, amani kwa Wahabeshi, Sachiko, mtoto wa furaha kwa Wajapani, Anjali, sadaka kwa Wahindi. Nikalitazama Nyokabi, ambalo maana yake ni mtu wa Kimaasai tu, nikaliona jina la kawaida mno kwa mtoto wa msomi. Kisha nikakutana na Yetunde, jina la Wayoruba wa Naijeria: mama amerudi. Nikaamini nimepata njia ya kumheshimu mama kwa jina lililo bora kuliko lake. Kiburi cha aina gani hicho!

Mtoto alizaliwa Ruiru. Mama alifika asubuhi na chupa ya uji na sufuria ya njahi, yale maharagwe meusi ambayo kwetu hupikiwa mwanamke aliyejifungua.

"Niko wapi?" aliuliza akiwa mlangoni, akicheka. "Hebu nionyesheni mimi. Nimezaliwa na kilo ngapi?"

Wauguzi walicheka naye. Mke wangu aliinamisha uso.

"Mami," nikasema, "anaitwa Yetunde."

"Nani?"

"Yetunde. Maana yake mama amerudi. Ni wewe huyo, ila kwa undani zaidi."

"Nimerudi kutoka wapi, mwalimu? Si nimekuwa tu hapo Landless?"

Nilimfafanulia kwa kirefu, kama nilivyozoea darasani. Akampakulia mke wangu njahi, akampakata mtoto kidogo, akaenda zake.

Hata hivyo alijikaza. Alijifunza kulitamka jina lile, akampenda mtoto. Binti alipokuwa na miaka mitatu, shosho wake, yaani bibi yake, alimpeleka kanisani kwake Thika. Huko kulikuwa na mama mmoja Myoruba, aliyeolewa Kenya. Aliposikia mtoto akiitwa, alifurahi, kisha akamshika mama yangu mkono kwa huruma.

"Pole, mama. Shosho yake alifariki lini?"

"Shosho gani?"

"Yetunde kwetu ni msichana anayezaliwa baada ya shosho kufa. Ndiyo tunasema mama amerudi."

"Shosho ni mimi," mama yangu alimjibu.

Alinipigia simu siku hiyohiyo. Hakupaza sauti. "Kumbe mimi ni marehemu," alisema. "Na vile nilikuletea njahi."

Hapo ndipo ningeweza kuokoka. Mke wangu alinisihi: "Baba Yetunde, tuongeze Nyokabi kwa cheti. Ni fomu tu. Halafu uende umwambie pole." Nikamjibu kwamba jina haliui mtu, na kwamba sitaandika upya cheti cha kuzaliwa kwa sababu ya ushirikina. Mama hakuwa amesema neno lolote la ushirikina. Alikuwa amesema alihesabiwa miongoni mwa wafu na mwanawe.

Binti wa pili alipozaliwa, mke wangu hakutaka hata kuliona daftari. Alimwita Wairimu, jina la mama yake. Mama yangu alikuja, akamtazama mtoto, akamwambia mama mkwe wangu, "Wewe umejipata." Hakukanyaga tena nyumbani kwetu, na sikuwahi kumwuliza sababu, kwa kuwa niliijua.

Presha ilimwangusha sokoni. Nilipofika hospitalini alikuwa hasemi tena. Nilimwinamia sikioni nikamwahidi kwamba nitaenda kuongeza jina. Sijui kama alinisikia. Nimejaribu kukumbuka kama vidole vyake vilisogea, na kila mara najipa jibu ninalolitaka.

Kaburini, mwongozaji aliita: "Wajukuu wenye jina la marehemu, waje waweke shada." Akaita mara ya pili. Watu wakaanza kutazamana. Binti yangu, wakati huo ana miaka kumi na miwili, alinivuta koti. "Baba, ni mimi?"

Sikuweza kusema ndiyo, na sikuweza kusema hapana. Mwongozaji akaendelea, akawaita wajukuu wote kwa pamoja.

Wiki iliyofuata nilijaza ile fomu. Nikamwita binti yangu, nikamweleza kila kitu bila kujitetea, nikamwambia kuanzia sasa ataitwa Nyokabi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Usiniite hivyo saa hii, Baba," akasema. "Ungeniita hivyo shosho akiwa bado anasikia."

Fomu ingali mezani kwangu. Sina haki ya kumlazimisha.

Wewe unayemtafutia mtoto jina leo, tafuta uzuri popote duniani, sikukatazi. Lakini usisome maana ukaacha kuuliza wenye jina hulitoa lini na kwa nani. Na kama nyumbani kwenu kuna mwanamke anayengoja kuitwa, mwite sasa, angali anaweza kuitika.