Brashi Mbili Langoni

Anayesema brashi ni brashi tu hajawahi kuosha kioo Isiolo. Vumbi letu lina mchanga ndani yake, na ukilisugua kwa nyuzi ngumu utaacha michirizi isiyotoka kwa sabuni yoyote. Kazi hii naijua, na sioni haya kujisifu. Brashi ninayoipenda kuliko zote ni ya nywele za nguruwe. Inashika maji vizuri, ni laini kwa kioo, na mchanga huteremka na maji kabla hujaanza kusugua.

Lakini nusu ya wateja wangu ni Waislamu, nami ni Mmeru wa kanisani. Kwa hiyo tangu nianze nilinunua na nyingine, ya nailoni laini yenye ncha zilizopasuliwa, nikaifunga utepe wa kijani kwenye mpini. Haishiki maji kama ile, na inanichosha mkono. Hiyo ndiyo ya nyumba zao na ya msikiti, na ina ndoo yake.

Asubuhi moja nilitoka kuosha madirisha ya baa nikaenda moja kwa moja mtaa wa Wabera, kwa mama mmoja mwenye malori, ambaye neno lake halipingwi mtaani. Alikuwa amejenga ghorofa yenye vioo vingi, na kazi hiyo niliitaka sana. Nikamsalimia salaam aleikum pale langoni. Kabla sijaweka vitu chini, alishika brashi iliyokuwa juu, bado imelowa, akaipapasa kama anayechagua kitambaa.

"Hii ni nywele ya nini?"

Ningesema farasi, nani angejua?

"Ni ya nguruwe, mama. Lakini ya hapa sio hiyo."

Akauondoa mkono bila kuniangalia. Aliagiza maji na udongo, akauosha mara saba kama dini yake inavyotaka. Mimi nilisimama tu, nikiiona kazi ile ikienda, na ya msikiti ikiifuata. Mwishowe akauliza polepole:

"Na msikiti uliosha na gani?"

Nilimwonyesha ile ya utepe wa kijani, na ndoo yake. Hapo sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Aliitazama kwa muda bila kuigusa, kisha akafungua lango.

"Hiyo ya nguruwe iache nje," akasema. "Wewe ingia."